Kirungu ni Dhamana

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wazee wetu walisema hivyo kwa kuwa walijua kwamba silaha isiyokuwapo mkononi wakati wa haja ni sawa na silaha isiyokuwapo kabisa. Katika nchi za viwanda hawaijui methali hii, lakini wametengeneza chombo kinachoitii: fimbo ya chuma inayojikunja ikawa fupi kama tochi, ikakaa mfukoni au kiunoni bila ya kuonekana, na kwa mtupo mmoja wa kiganja ikarefuka ikawa rungu kamili. Chombo hicho ndicho kirungu cha kurefuka, nacho ndicho tunachotaka kukizungumza leo.

Tunalazimika kukizungumza kwa sababu kimekwisha kutufikia. Hivi karibuni tulipita mbele ya lango la nyumba moja ya wageni katika ukanda wa mashariki wa Unguja, tukamwona mlinzi kijana akikifyatua mbele ya watoto waliokuja kuuza madafu na kashata. Hakumpiga mtu. Mlio wake tu, ule wa chuma kugonga chuma, ulitosha kuwatawanya watoto wale, na mmoja wao akaiacha ndoo yake nyuma. Tulimwendea mlinzi, tukamsalimu, kisha tukamwuliza amepewa na nani chombo kile. Akatujibu kwa adabu: "Ami, hiki nimejinunulia mwenyewe. Hapa hatukupewa kitu ila sare na tochi." Tukamwuliza kama amefundishwa namna ya kukitumia. Akacheka kidogo, akasema ameangalia picha katika simu. Tukamwuliza sheria inasemaje juu ya kukichukua. Hapo akanyamaza.

Hatuandiki ili kumshitaki kijana huyo. Yeye ni mfanyakazi wa mshahara mdogo, aliyewekwa usiku na mchana kulinda mali ya watu wenye mali kuliko yeye, na aliyejitafutia kinga kwa fedha zake kwa kuwa waliomwajiri hawakumpa. Lakini kunyamaza kwake kumetushughulisha. Ikiwa mwenye kukichukua chombo hajui mpaka wake, na mtoto aliyekimbia hajui haki yake, basi baina yao hapana sheria bali pana woga tu. Na nchi huru haiendeshwi kwa woga.

Kwanza na tukielewe chombo chenyewe, maana mtu hawezi kukitungia kanuni kitu asichokijua. Kirungu cha kurefuka aghalabu hutengenezwa kwa mirija mitatu ya chuma au ya aluminiamu, mmoja ukiwa ndani ya mwingine kama zilivyo sehemu za antena ya redio. Mrija wa nje ndio mpini, nao huvishwa mpira ili mkono usiteleze. Ndani ya kifuniko cha nyuma kimo kibanio kidogo cha springi kinachoushika mrija wa ndani kabisa, ili chombo kisifunguke chenyewe mfukoni. Mchukuaji akikitupa kwa nguvu ya kiganja, mirija ya ndani huchomoka kibanioni na kutoka mbio kwa kasi ya mtupo ule. Kila mrija umepanuliwa kidogo chini, na mdomo wa ule ulio juu yake umebanwa; mpana unapoingia katika mwembamba, vyuma hushikana kwa msuguano, kama kizibo kinavyoshika katika chupa. Hapana kitasa wala ufunguo. Nguvu ya kupiga haiwezi kuufungua msuguano huo kwa urahisi, na mwenye kutaka kukifunga sharti akigonge kichwa chini, wima, juu ya sakafu ngumu au jiwe, ndipo mirija irudi nyumbani mwake.

Ipo aina ya pili, ambayo haishikani kwa msuguano bali kwa vigololi au vipande vidogo vya chuma vinavyoingia katika mifuo yao. Hiyo hufungwa kwa kubonyeza kitufe cha nyuma. Ipo na ya tatu, yenye springi ndani, ambayo hufunguka yenyewe kitufe kinapobonyezwa. Tofauti hizi zinaweza kuonekana ndogo kwa msomaji, lakini tutakuja kuona kwamba sheria za nchi nyingine zimezifuata moja moja.

Vipimo vya kawaida ni vitatu: kilichofunguka huwa na urefu wa sentimita 40 hivi, au 53, au 66, na kilichokunjwa huwa baina ya sentimita 16 na 24. Uzito wa kile cha kati cha chuma ni karibu ya nusu kilo. Watu wa visiwani hatuna haja ya kuambiwa kwamba chumvi ya bahari inakula chuma. Kirungu kisichofutwa huota kutu katika maungio, kikang'ang'ania kufungwa au kufunguka nusu. Na mwenye kukipaka mafuta mengi ili kukinusuru huuharibu msuguano uleule unaokifanya kiwe imara, kikajikunja katikati ya pigo. Kwa hiyo ni chombo kinachotaka matunzo na kinachotaka kukaguliwa, na asiyekijua kitamdanganya siku atakayokitegemea.

Jambo kubwa zaidi ni nguvu yake. Bakora ya mti huyagawa mapigo yake katika urefu wa ubao, nayo hupinda kidogo na kuumeza sehemu ya mshindo. Kirungu cha chuma hakipindi. Uzito wake ni mdogo, lakini ncha yake husafiri kwa kasi kubwa kuliko mkono unaokishika, kama ilivyo ncha ya kasia, na mshindo wote hutua mahali padogo penye upana wa sarafu. Pigo hilo likishuka juu ya paja huleta ganzi na uvimbe, na mtu hushindwa kusimama kwa muda. Likishuka juu ya kichwa laweza kupasua fuvu. Madaktari wa mifupa wanaujua mvunjiko mmoja wa mfupa wa mkono, baina ya kiwiko na kiganja, ambao katika vitabu vyao huitwa kwa jina la kirungu cha polisi, kwa sababu huwapata watu walioinua mkono ili kujikinga uso. Na mtu anayejikinga uso, kwa kawaida, si mtu anayeshambulia.

Yupo atakayesema: sisi tangu zamani tuna mikwaju, bakora na mipweke, na hapana aliyetutungia sheria, iweje leo tuogope kijiti cha mfukoni? Swali hili lina haki ya kujibiwa. Ni kweli kwamba fimbo si ngeni kwetu. Mzee hutoka na bakora yake kwenda msikitini, mchungaji hutoka na yake kwenda malishoni, na bwana harusi hushika yake kwa heshima. Lakini fimbo zote hizo huonekana. Anayekutana na mzee mwenye bakora anajua kwamba ana bakora, na mzee naye anajua kwamba anaonekana. Hayo peke yake ni mafunzo. Kirungu cha kurefuka kimefichwa mpaka dakika ya kupiga, na kilichofichwa hakimzuii adui, humshitukiza tu.

Tena si kweli kwamba jamii yetu haikuiwekea fimbo mpaka. Katika ngoma ya kirumbizi wachezaji hupigana kwa fimbo mbele ya watu, kwa zamu na kwa mdundo, na anayevuka mpaka huingiliwa. Makunduchi, katika sherehe za Mwaka Kogwa za kila Julai, wanaume hupigana kuondoa chuki za mwaka uliopita. Zamani walitumia fimbo, na hivi leo hutumia magomba ya migomba. Wananchi wa Makunduchi hawakungoja mtaalamu wa kigeni awaambie kwamba lengo ni kutoa kinyongo wala si kutoa roho: wao wenyewe walichagua chombo kinacholingana na kusudi. Nasi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kwenda skuli tulijifunza mapema kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kupiga uso. Mwalimu aliyekuwa na henzerani alikuwa na mpaka huo juu yake, na mwanafunzi aliujua pia. Hiyo ndiyo maana ya sheria: kwamba anayepiga na anayepigwa wanaujua mpaka mmoja.

Sasa na tutazame upande wa Serikali. Polisi wa London walipoundwa mwaka 1829 walipewa kirungu cha mti, na kirungu hicho kilikaa kiunoni mwao zaidi ya miaka 160, mpaka katika miaka ya 1990 kilipoanza kuachiwa nafasi virungu vya kurefuka na vile vyenye mpini wa pembeni. Huko Marekani kampuni ya ASP, iliyoanzishwa mwaka 1976, ndiyo iliyokieneza zaidi kirungu cha kurefuka kwa polisi wa nchi nyingi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya akili. Askari anayeingia na kutoka garini siku nzima huiacha garini fimbo ndefu, na akifika penye ghasia hana kitu baina ya mikono mitupu na bastola. Na askari asiyekuwa na kitu cha katikati ataikimbilia bastola.

Sisi wa visiwa hivi tunaujua ukweli huo kwa uchungu. Tarehe 30 Julai 1951, huko Kiembesamaki, wakulima walioudhiwa na amri ya kuwachanja ng'ombe wao kwa nguvu walijaribu kuwakomboa wenzao waliokuwa wakipelekwa kifungoni, na polisi wa serikali ya kikoloni wakajibu kwa risasi. Watu walikufa, na siku ile imebaki katika historia kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Tusijidanganye kwamba ukoloni uliondoka na tatizo lote. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, nchi ikiwa mikononi mwetu wenyewe, maandamano Unguja na Pemba yaliishia kwa risasi na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, mpaka ikapasa vyama vya CCM na CUF vikae na kutia saini Muafaka mwezi Oktoba mwaka huohuo. Tunayataja haya si kwa kufufua majeraha. Tunayataja kwa sababu kila anayekibeza kirungu akasema ni kitu kidogo hana budi kukumbuka ni kitu gani hutumika pale ambapo kirungu hakipo, au pale ambapo hapana aliyefundishwa kukitumia.

Kwa hiyo hatusemi kwamba askari wanyang'anywe virungu. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Cuba, mwaka 1990 ulipitisha misingi juu ya matumizi ya nguvu na silaha za moto, na misingi hiyo inazitaka serikali ziwape askari wao vyombo vya namna mbalimbali, ili silaha ya kuua iwe ya mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kupitisha kanuni za mwenendo wa maofisa wa kusimamia sheria, ambazo katika kifungu chake cha 3 zinasema kwamba nguvu itumike pale tu inapokuwa lazima kabisa, na kwa kadiri ya kazi inayotakiwa. Na katika mwongozo wake juu ya silaha zisizokusudiwa kuua, uliochapishwa mwaka 2020, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja huo imekitaja kirungu waziwazi: mapigo yaelekezwe mikononi na miguuni mwa mtu anayefanya ukatili; yaepukwe mapigo ya kichwa, shingo, koo, uti wa mgongo, figo na tumbo; na asipigwe kabisa mtu ambaye hafanyi wala hatishii kufanya ukatili.

Maneno hayo ni mepesi kuyasoma, na magumu kuyatii usiku wa ghasia. Mjini Los Angeles, tarehe 3 Machi 1991, polisi walimpiga dereva mmoja, Rodney King, kwa virungu vya metali zaidi ya mara 50, naye yuko chini. Jirani mmoja aliyekuwa na kamera aliipiga picha shughuli hiyo kutoka katika roshani yake. Askari wanne walishitakiwa, na baraza la wazee wa mahakama lilipokataa kuwatia hatiani tarehe 29 Aprili 1992 mji uliwaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka 1993 mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani wawili kati yao. Virungu vile havikuwa vibovu. Na waliovishika walikuwa askari waliofundishwa. Kilichokosekana kilikuwa ni mtu wa kusema "basi", na waliokuwa na cheo cha kusema hivyo walikuwapo palepale.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani peke yao. Mwezi Agosti 2017, mjini Kisumu, polisi waliowafuata waandamanaji baada ya uchaguzi wa Kenya waliingia katika nyumba za watu usiku, na mtoto mchanga wa miezi 6 akapigwa kichwani akiwa nyumbani kwa wazazi wake. Alifariki hospitali baada ya siku chache. Mahakama iliyochunguza kifo hicho ilitamka mwaka 2019 kwamba polisi ndio wenye kubeba lawama. Hatuna neno la kuongeza juu ya msiba huo, ila kwamba mtoto wa miezi 6 hakuwa na jiwe mkononi.

Tukitoka kwa askari tukija kwa raia, tunakuta nchi zimechukua njia mbalimbali, na inafaa tuzipime. Uingereza, wanakoishi ndugu zetu wengi, ni kali kuliko nyingi. Sheria ya Kuzuia Uhalifu ya mwaka 1953 inakataza kuchukua hadharani kitu chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya kujeruhi, bila ya idhini ya kisheria au udhuru wa maana, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 4. Mwaka 1988 kilipigwa marufuku kuuza na kuingiza kirungu chenye kufunguka kwa kitufe au springi. Mwaka 2004 marufuku hiyo ikapanuliwa mpaka kwenye kile cha msuguano. Na kwa Sheria ya Silaha za Kudhuru ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika kwa jambo hili Julai 2021, hata kukiweka nyumbani ni kosa. Tunawatahadharisha vijana wetu wanaosafiri: aliyekinunua huku akakitia katika sanduku lake kwenda London amejitia mwenyewe mtegoni, na "sikujua" si udhuru mbele ya hakimu. Wala asidhani kwamba ataingia nacho ndani ya ndege, kwa kuwa virungu vimekatazwa katika mizigo ya mkononi.

Ujerumani imechukua njia ya katikati. Mtu mzima aliyefika miaka 18 anaweza kununua kirungu cha kurefuka na kukiweka kwake, lakini tangu mwaka 2008 kukichukua hadharani kumekatazwa, na faini yake yaweza kufika Euro 10,000. Nayo ile fimbo ya chuma ya springi imepigwa marufuku moja kwa moja. Canada nayo imeiweka fimbo ya springi yenye ncha nzito katika orodha ya silaha zilizokatazwa. Marekani, kila jimbo lina lake. California ilikataza virungu tangu mwaka 1917. Na Februari 2024 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho huko San Diego akaamua kwamba katazo hilo linapingana na Katiba ya nchi, serikali ya jimbo ikakata rufaa. Texas, kwa upande wake, iliondoa katazo la kuchukua rungu kuanzia Septemba 2019. Hivyo mtu anaweza kuwa raia mwema katika jimbo moja na mhalifu katika jingine, na kirungu ni kilekile.

Katika tofauti zote hizo tunaona mambo matatu ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila ya kuiga. Kwanza, sheria nzuri hukitaja kitu kwa jina na kwa namna yake, haiwaachii askari na hakimu kukisia. Pili, hutenganisha kukiweka na kukichukua, na kukichukua na kukitumia, kwa kuwa hayo ni matendo matatu. Tatu, haimwulizi mtu "una nini mkononi?" tu, bali humwuliza pia "kwa nini unacho hapa, na saa hii?" Jembe begani mwa mkulima anayetoka shamba ni jembe. Jembe hilohilo usiku wa manane katika uwanja wa mkutano ni kitu kingine.

Huku kwetu sheria za jinai zinamwadhibu anayemjeruhi mwenziwe, awe amemjeruhi kwa panga, kwa jiwe au kwa kirungu kilichotoka ng'ambo, na zinamtambua mtu anayejitetea kwa nguvu isiyopita kiasi cha hatari iliyomkabili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama na kwa namna ya kumdhalilisha. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 147, inakataza mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. Ibara hii inastahili kusomwa tena na viongozi wa vyama vyote, chetu kikiwa cha kwanza. Vijana kumi waliovishwa fulana za rangi moja na kupewa virungu vya mfukoni siku ya mkutano wa hadhara si wahamasishaji. Na kiongozi anayewapa vitu hivyo usiku, kisha akawakana asubuhi, amewafanya watoto wa watu kuwa silaha yake na kuwaachia wao kifungo.

Tunapendekeza basi mambo yafuatayo, na tunayaelekeza kwa wenye dhamana.

Kwa Serikali na kwa Baraza la Wawakilishi: yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, kisichohitaji wakili, maelezo ya nani anaruhusiwa kuchukua kirungu cha chuma hadharani, wapi na kwa kazi gani, na pale penye pengo litiwe kifungu. Maelezo hayo yabandikwe katika ofisi za masheha, bandarini na katika uwanja wa ndege. Kile cha springi na kitufe, ambacho hakina kazi ila kushitukiza, hatuoni sababu ya raia yeyote kuwa nacho.

Kwa makamanda wa Polisi na wa vikosi vyetu: kila kirungu kiwe na namba, na kila namba iwe na mtu. Askari akipiga pigo moja aandike ripoti kabla ya kwenda kulala: alimpiga nani, wapi mwilini na kwa nini. Misingi ya Havana inataka hivyo hivyo pale mtu anapoumia, na inataka pia majeruhi apate tiba upesi na jamaa zake wapewe habari. Mafunzo yasiwe ya siku moja ya kuonyesha mapigo. Yawe ya kila mwaka, na sehemu yake kubwa iwe ni kujifunza kunena, kungoja na kuacha.

Kwa wenye mahoteli, maduka na makampuni ya ulinzi: mlinzi asiyefundishwa asiachwe ajinunulie silaha kwa mshahara wake. Mkimtaka alinde, mpeni mafunzo, mpeni redio ya kuitia msaada, na mwandikieni mipaka yake. Akimvunja mtu mkono, mwajiri asiruke kando akasema kirungu hakikuwa cha hoteli. Ufuoni si shamba la mtu, na mtoto anayeuza madafu si mwizi kwa kuwa hana viatu.

Na kwa wananchi wenzetu: asimame mtu kuuliza. Ofisa akishika kirungu mbele yenu ameshika mali yenu, iliyonunuliwa kwa kodi zenu, ili ailinde amani yenu. Kumtii katika halali ni wajibu, na kumshitaki katika batili ni wajibu pia. Lakini tusijitie nasi kununua virungu kwa kusingizia kwamba mitaa imeharibika. Kila kirungu kinachoingia mtaani huita kingine, mpaka ugomvi wa karata barazani, ambao zamani ulimalizwa na mzee mmoja kwa neno moja, umalizwe na daktari wa mifupa.

Chama chetu kilipowafundisha wanachama wake kwamba cheo ni dhamana, hakikutoa maneno ya kupamba kuta. Kilikusudia kwamba anayepewa nguvu juu ya wengine hakupewa iwe yake, ameazimwa, na siku moja ataulizwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi juu ya majivuno, dharau na uonevu, na onyo hilo halikuwahusu wenye viti vikubwa peke yao. Linamfika na mwenye kiti kidogo kabisa: yule aliyesimama langoni na fimbo ya chuma mkononi. Yeye naye ni kiongozi kwa mtoto aliye mbele yake, kwa kuwa mtoto huyo ataijua Serikali, na atayajua matajiri na masikini, kwa namna atakavyotendewa pale langoni.

Tulipoondoka siku ile tuliiokota ndoo, tukampelekea mtoto wake chini ya mnazi alikokuwa amejificha. Alituuliza kama yule mlinzi ana ruhusa ya kumpiga. Sisi tuliosoma, tuliokaa katika semina nyingi na kuwafundisha wengine sheria za nchi, hatukuwa na jibu la kumpa kwa yakini na kwa maneno anayoyaelewa. Tunaiomba Serikali itusaidie kumjibu, na jibu lifike kwake na kwa yule mlinzi siku moja.